Mlo wa kushibisha kwa pesa kidogo: Mwongozo wa jikoni kwa mlalahoi

Na MWANDISHI WETU

MWEZI unapoelekea ukingoni na mshahara au ujira wa kibarua ukiwa umekwisha, swali linalotaabisha nyumba nyingi humu nchini si la kodi wala karo. Ni lile linaloulizwa kila jioni watoto wanaporejea kutoka shuleni: Leo tutakula nini?

Swali hilo si geni, ila limezidi kuwa zito. Mnamo 2017, bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita Sh150, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili unga huo uuzwe kwa Sh90. Miaka mitano baadaye, Julai 2022, bei ilipokuwa imepita Sh200, ruzuku ilirejea na unga ukauzwa kwa Sh100 kwa muda mfupi kabla ya mpango huo kusitishwa. Kawi ya kupikia nayo haikuachwa nyuma. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa mapema 2018 ilipandisha bei ya makaa, na Septemba mwaka huo huo mafuta taa yakaongezewa ada ya Sh18 kwa lita.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho na ubora unaokubalika. Lakini haki iliyoandikwa kwenye karatasi haitoshi kuinjika sufuria. Hadi siku itakapotekelezwa kikamilifu, mwenye jikoni hana budi kuyafanya machache aliyo nayo yawatoshe wote wanaomtegemea.

Habari njema ni kwamba vyakula vya bei ya chini zaidi katika soko la Kenya ni miongoni mwa vyakula bora zaidi kwa mwili. Habari mbaya ni kwamba umaskini una mitego yake jikoni: maharagwe yasiyoiva kwa sababu makaa yamekwisha, mahindi yaliyoota kuvu kwa sababu yalikuwa ya bei rahisi, na ugali wa mchuzi mtupu siku saba mfululizo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Kwa hivyo kushiba ni jambo moja, na kulishwa vyema ni jingine. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata yote mawili kwa gharama ndogo.

Hesabu kabla ya kwenda sokoni

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kulinganisha bei ya pakiti badala ya bei ya sahani. Chukua mfano wa gorogoro ya maharagwe makavu, ambayo ni takribani kilo 2. Mtu mzima hutosheka na gramu 100 za maharagwe makavu, ambazo zikishaiva huwa zaidi ya mara mbili ya uzani huo. Gorogoro moja basi ni sahani 20. Gawa bei ya gorogoro kwa 20 na utajua kila mlaji anakugharimu shilingi ngapi. Fanya hesabu iyo hiyo kwa mkate, kwa nyama, kwa mayai na kwa mchele, kisha uandike majibu mahali ambapo utayaona. Aghalabu utashangaa kuwa kile kilichoonekana ghali dukani ndicho rahisi mezani.

Kosa la pili ni kununua kila kitu kwa vipimo vidogo. Mtu asiye na pesa za kutosha hununua mafuta ya kikombe, sukari ya karatasi na unga wa robo kilo, na hali hiyo inaeleweka. Hata hivyo, hebu hesabu ni vipimo vingapi vya muuza duka vinavyojaza chupa ya lita moja, uzidishe kwa bei ya kipimo. Tofauti utakayoipata kati ya jumla hiyo na bei ya chupa nzima ndiyo ada unayolipia umaskini wako.

Njia ya kukwepa ada hiyo ni ushirikiano. Vyama vya akina mama, ambavyo vimezoeleka kwa kuchangishana pesa za zamu, vinaweza pia kununua gunia la maharagwe au la mahindi na kuligawana. Wakati mwafaka wa kufanya hivyo ni baada ya mavuno. Mahindi ya maeneo ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuvunwa takriban Oktoba, na hapo bei hushuka. Kuanzia Aprili hadi Julai, maghala yanapokuwa matupu, bei hupanda tena. Atakayenunua Desemba atakula Mei kwa bei ya Desemba, mradi nafaka yake iwe imekauka vizuri.

Kwa vitu vinavyoharibika upesi, saa ndiyo muhimu. Katika masoko makubwa kama vile Wakulima jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa na Kibuye mjini Kisumu, wauzaji hupunguza bei ya nyanya zilizolainika na mboga zilizonyauka jua linapotua. Nyanya laini si nyanya mbovu. Zinunue ikiwa utazipika usiku huo huo, na uache zilizoota ukungu au kutoa maji yenye harufu.

Nafaka na kunde, ndoa ya tangu jadi

Mababu zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kuchanganya mahindi na maharagwe. Wakikuyu waliuita mchanganyiko huo githeri, Wakamba wakauita isyo, Waluo nyoyo na Waluhya maenjera, nao Waswahili wana neno pure. Sayansi imekuja baadaye kuthibitisha busara hiyo.

Protini hujengwa kwa chembechembe ziitwazo asidi amino. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, ijulikanayo kama laisini, ilhali maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe kwa upande wao yana kiasi kidogo cha nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake, na mwili hupata protini inayokaribia ubora wa nyama.

Tena kilo moja ya maharagwe makavu huwa na takribani gramu 210 za protini, kiasi ambacho hakitofautiani sana na kile kilicho katika kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Kwa kawaida bei ya maharagwe hayo haifikii nusu ya bei ya nyama. Anayekula githeri kila siku kwa hiyo hana sababu ya kujiona duni mbele ya anayekula nyama.

Githeri ya watu watano

Chukua vikombe viwili vya mahindi makavu na kikombe kimoja na nusu cha maharagwe. Chambua kwa makini, ukiondoa mawe na punje zilizooza. Osha, kisha loweka mahindi na maharagwe katika vyombo viwili tofauti usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo.

Mahindi huchukua muda mrefu kuiva kuliko maharagwe, kwa hivyo yatangulize jikoni kwa saa moja hivi kabla ya kuongeza maharagwe. Acha yachemke kwa nguvu dakika 15 za mwanzo baada ya kuchanganya, kisha punguza moto na ufunike. Usitie nyanya wala limau kabla maharagwe hayajalainika, kwani uchachu huyafanya yachelewe kuiva.

Yakishaiva, kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko kimoja cha mafuta, utie nyanya mbili, viazi vitatu vilivyokatwa vipande, karoti moja ikiwa ipo, na chumvi. Changanya na githeri, ongeza maji kidogo, na viazi vinapokaribia kuiva tia majani ya sukuma wiki au mchicha yaliyokatwakatwa. Acha kwa dakika tano, kisha uepue.

Ikiwa mahindi yamekobolewa, yaani muthokoi kama yanavyoitwa Ukambani, muda wa kupika hupungua. Ikiwa ni msimu wa mahindi mabichi, hupungua zaidi. Githeri iyo hiyo ikiongezewa viazi zaidi na majani ya malenge na kupondwa, huwa mukimo, chakula kinachomshibisha mtoto ambaye hawezi kutafuna punje ngumu.

Ndengu, mbaazi na kunde

Asiyekuwa na makaa ya kuivishia maharagwe ana mlango mwingine. Ndengu, ambazo Pwani huitwa pojo, huiva kwa dakika 40 hadi 45 hata zisipolowekwa, na kila gramu 100 za punje kavu zina takribani gramu 24 za protini. Kamande huiva upesi zaidi. Vikombe viwili vya ndengu, kitunguu, nyanya mbili na mafuta kidogo hutosha mchuzi wa watu watano, uliwe kwa ugali, wali au chapati. Mpishi mwerevu huponda sehemu ya ndengu hizo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito bila kuongezewa chochote.

Wakazi wa Pwani hupika mbaazi kwa tui la nazi na kuzila kwa mahamri asubuhi. Palipo na minazi, nazi moja hukunwa na kukamuliwa mara mbili au tatu: tui jepesi hutangulia kuchemshia, nalo tui zito hutiwa mwishoni. Nazi hiyo hutosha badala ya mafuta ya dukani. Katika maeneo ya Ukambani, mbaazi mbichi ni neema ya msimu ambayo haipaswi kupita bure.

Kwa wanaolima, kuna aina ya maharagwe iitwayo Nyota, iliyozalishwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO. Aina hiyo ina madini ya chuma na zinki kwa wingi, na sifa yake nyingine ni kwamba huiva haraka. Kwa anayenunua kawi kila siku, uharaka huo ni pesa.

Ugali na mboga za majani

Kilo moja ya unga wa mahindi ina takribani kalori 3,600, na hakuna chakula kingi kinachoweza kushindana nayo kwa nguvu inayotoa kwa kila shilingi. Kwa ugali wa watu watano, chemsha lita moja na nusu ya maji. Kwanza tia viganja viwili vya unga ukoroge uwe uji mwepesi, uache uchemke, ndipo uongeze unga uliosalia, takribani robo tatu ya kilo, huku ukisonga. Uji huo wa mwanzo hufanya ugali ushikane na uive vyema. Punguza moto, funika, na uache dakika tano au zaidi. Ukoko utakaobaki usitupwe. Ukilowekwa maji kidogo huachia, na watoto huugombania.

Unga usiokobolewa kutoka kisiagi cha mtaani huwa na nyuzinyuzi na vitamini zaidi kwa kuwa maganda na kiini cha punje havijaondolewa, nao hukawiza njaa kurejea. Unga wa pakiti kutoka viwandani, kwa upande mwingine, hutakiwa na sheria tangu 2012 kuongezewa vitamini na madini. Soma pakiti kabla ya kuinunua. Wenye uwezo wa kupata mtama au wimbi wanaweza kuchanganya sehemu moja ya unga huo na sehemu tatu za mahindi.

Kuhusu mboga, jina la sukuma wiki lenyewe linaeleza kazi yake. Hata hivyo, mboga za kienyeji kama vile managu, terere, saga, kunde na mrenda zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini kwa wingi, na baadhi hujiotea shambani bila kupandwa. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kama mboga za maskini. Kazi ya watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta imechangia pakubwa kuzirejeshea hadhi, na leo zinauzwa hata katika maduka makubwa.

Ziko kanuni tatu za kupika mboga ili pesa zisipotee. Kwanza, osha kabla ya kukata, wala si baada ya kukata, maana vitamini huenda na maji. Pili, usizipike muda mrefu. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba haihitaji zaidi ya dakika tano hadi saba. Tatu, usikose kutia mafuta japo kijiko kimoja, kwani vitamini A iliyomo kwenye majani haifyonzwi vizuri mwilini pasipo mafuta.

Omena na mifupa yake

Nyama ikiwa haipatikani, omena wa Ziwa Victoria ni mbadala wa heshima. Samaki hawa huliwa wazima, vichwa na mifupa, na ndiyo sababu wana kalsiamu nyingi. Vikombe viwili vya omena waliokaushwa hutosha familia ya watu watano.

Watoe taka, wamwagie maji moto na uwaache dakika kumi ili mchanga utulie chini, kisha uwaoshe mara mbili au tatu. Wakaange kwa mafuta kidogo hadi wakauke, utie kitunguu, nyanya na maji nusu kikombe, na uache mchuzi upungue. Wasiopenda ladha yake ya uchungu huongeza maji ya limau. Uvuvi wa omena husitishwa kwa muda kila mwaka ili wazaane, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, na bei hupanda. Atakayenunua kabla ya Aprili na kuwahifadhi pakavu hataathirika sana.

Kuokoa makaa, gesi na mafuta taa

Katika nyumba nyingi za mijini, gharama ya kukipika chakula hukaribia gharama ya chakula chenyewe. Mpango wa kupunguza gharama hiyo huanzia kwenye maji ya kulowekea. Maharagwe yaliyolala majini huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yaliyotoka guniani moja kwa moja.

Jiko la makaa lililowekwa udongo ndani, ambalo lilianza kusambazwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huhifadhi joto na kupunguza makaa yanayotumika ikilinganishwa na jiko la bati tupu. Kifuniko kizito juu ya sufuria nacho hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mbinu nyingine ni kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa, ukitandike ndani kwa blanketi kuukuu au vitambaa vizito, na ushone mto wa kukifunika. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nguvu kwa dakika 20, kisha uiweke sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kikapu na uifunike isipitishe hewa. Iache saa tatu au nne bila kufunua. Maharagwe yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kabla ya kula, yarejeshe motoni yachemke tena. Wali hauhitaji muda huo wote: dakika chache motoni na nusu saa kikapuni hutosha.

Aidha, pika maharagwe ya siku mbili kwa wakati mmoja. Ya siku ya kwanza yaunge, na ya siku ya pili yaache bila nyanya wala kitunguu, kwani vitu hivyo huharakisha kuharibika. Pasipo jokofu, yahifadhi mahali baridi yakiwa yamefunikwa, yachemshe kwa nguvu asubuhi na jioni, na yasipite siku ya pili. Yakitoa povu au harufu ya uchachu, yamwage. Hasara ya sufuria moja ni ndogo kuliko gharama ya hospitali.

Pale ambapo urahisi huua

Mnamo 2004, wakazi 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki katika eneo la Mashariki, hasa wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Haionekani, haina ladha, na haiondolewi kwa kupika.

Kwa sababu hiyo, mahindi yanayouzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa yamebadilika rangi si bahati. Nafaka inapaswa kukaushwa hadi unyevu ushuke na kuwa chini ya asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, iwekwe juu ya mbao wala si sakafuni, na punje zilizovunjika au kuota ukungu ziondolewe. Punje hizo zisilishwe kuku wala ng'ombe, maana sumu inaweza kurudi mezani kupitia kwa maziwa.

Hatari ya pili ni maharagwe yasiyoiva, hasa yale mekundu. Ndani yake mna kemikali ya asili inayosababisha kutapika na kuendesha, nayo huharibika tu yakichemka vizuri kwa angalau dakika 10. Kuyaacha kwenye moto hafifu usiofikia kuchemka hakutoshi. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza, hata kwa anayetumia kikapu, kwamba yachemke kwanza.

Wapo wanaotia magadi ili maharagwe yalainike haraka. Magadi husaidia kweli, lakini huangamiza vitamini B1, kwa hivyo yatumike kwa uchache sana au yaachwe. Wapo pia wanaotia tembe za kupunguza maumivu. Hilo lisifanywe kamwe. Dawa inayotiwa chunguni bila kipimo huliwa na mtoto na mjamzito pasipo wao kujua, na ikizidi huharibu ini.

Muhogo nao uchunguzwe. Ule mchungu una sumu, na hupaswa kumenywa, kulowekwa na kupikwa hadi uive kabisa. Viazi vilivyogeuka kijani vikatwe sehemu hiyo, na vikiwa vimegeuka kote vitupwe.

Watoto, wajawazito na chai

Tumbo la mtoto ni dogo. Ukimpa uji mwepesi kama maji atashiba bila kulishwa. Uji wa mtoto aliyevuka miezi sita uwe mzito wa kutosha kushikilia kijiko, na uongezewe kitu chenye nguvu: kijiko cha njugu zilizosagwa, maziwa kidogo, ndizi iliyopondwa au mafuta kidogo. Unga wa wimbi uliochachushwa kwa siku moja au mbili hutoa uji ambao madini yake hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Wajawazito wanahitaji madini ya chuma. Yale yaliyomo kwenye maharagwe na mboga hufyonzwa vyema yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, kama vile chungwa, limau au nyanya. Chai, ambayo wengi hunywa pamoja na chakula, huzuia ufyonzaji huo. Inywewe saa moja kabla au baada ya mlo.

Ratiba ya wiki moja

Jumatatu: Asubuhi uji wa wimbi. Jioni githeri yenye viazi na sukuma wiki.

Jumanne: Asubuhi githeri iliyosalia ikiwa imechemshwa upya. Jioni ugali kwa managu na kunde.

Jumatano: Asubuhi viazi vitamu na chai. Jioni wali kwa ndengu.

Alhamisi: Asubuhi uji wa mahindi wenye njugu. Jioni ugali kwa omena na sukuma wiki.

Ijumaa: Asubuhi muhogo wa kuchemsha. Jioni maharagwe ya nazi au ya mafuta kwa chapati mbili kila mtu.

Jumamosi: Asubuhi maharagwe yaliyosalia. Jioni mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge.

Jumapili: Asubuhi chai na mandazi ya nyumbani. Jioni ugali, mboga za kienyeji na yai moja kwa kila mlaji, au nyama robo tatu ya kilo ikiwa pesa zimeruhusu.

Ratiba hii haihitaji jokofu, tanuri wala kiungo kisichopatikana kwa mama mboga. Anayetaka kuipunguza zaidi anaweza kuotesha mboga zake. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, likiwa na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni, huotesha makumi ya miche ya sukuma wiki katika nafasi ndogo kama ya kiti. Wakazi wa mitaa kama Kibera wamezitumia bustani za aina hiyo kwa miaka mingi. Muhimu ni kutumia maji safi, si ya mtaro wa majitaka.

Hakuna lolote katika haya linaloweza kuchukua mahali pa ujira wa haki au bei nafuu ya unga. Mpishi hodari hawezi kuigeuza sufuria tupu kuwa chakula, na nyumba inayolala njaa inastahili msaada badala ya mawaidha. Lakini pale ambapo pana shilingi chache, tofauti kati ya kuzitumia kwa hesabu na kuzitumia ovyo ni milo kadhaa kila wiki. Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Usiku wa leo kabla ya kulala, chambua vikombe viwili vya maharagwe, uvioshe, na uviloweke.